Dada Yangu na Jeshi la Kushi

Mimi ni mwanamke wa makamo, nafanya kazi katika ofisi moja ya serikali pale Kacyiru, Rwanda, na ni jemadari mzuri. Nalisema hilo bila haya kwa sababu ni kweli. Kwa miaka mingi, nikirudi nyumbani na kuvua viatu vya kazini, nimefungua kompyuta na kuongoza majeshi ya kale: Warumi wenye ngao kubwa, Wagiriki wenye mikuki mirefu, Waajemi na wapanda farasi wao. Nimezingira miji na nimezingirwa. Nimewahi kulinda daraja kwa askari wachache waliochoka mpaka adui akageuka na kwenda zake. Wapo wenzangu wanaoona kwamba mwanamke wa umri wangu angekuwa na shughuli nyingine jioni. Shughuli nyingine ninazo, na nazimaliza mapema.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kwanza kuna ramani ya dunia ya kale, ambako unajenga miji, unalima, unafunza askari na kuyatembeza majeshi yako kwa zamu, mara yako, mara ya adui. Majeshi mawili yakikutana, ramani inaondoka na unajikuta juu ya uwanja kama ndege, ukiwatazama watu wako wamejipanga kwenye nyasi. Hapo hakuna zamu tena. Kila kitu kinakwenda kwa pamoja na ni lazima uamuru haraka: hawa wasonge, wale wangoje, wapanda farasi wazunguke kilima. Askari wana pumzi na wana moyo. Ukiwakimbiza mno wanachoka. Wakipigwa ubavuni bila kutarajia, moyo unawatoka na wanatupa silaha. Kuwa na watu wengi hakutoshi. Kazi ni kuwafanya wabaki wamesimama.

Ninayetaka kumwelezea hapa ni dada yangu. Kanizidi umri kiasi kwamba huko Karagwe, Tanzania, tulikokulia ukimbizini, watu walidhani ni mama yangu mdogo. Mama alishinda akilima mashamba ya watu, kwa hiyo aliyenilea mchana ni dada. Ndiye aliyenifundisha igisoro, mchezo wetu wa kete unaofanana na bao, kwenye mashimo tuliyochimba nyuma ya nyumba. Hakuniachia nishinde hata siku moja. Nililia, nilimwaga kete, nilisema sichezi tena, naye alizikusanya taratibu na kuzipanga upya. Nilipokuja kumfunga kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari msichana wa sekondari. Aliyatazama mashimo yake matupu, kisha akanipa mkono kama unavyompa mtu mzima mwenzako. Nimewahi kupewa vyeti na mabosi, lakini sikumbuki cheti kilichonifurahisha kama mkono ule.

Tuliporudi Rwanda, dada alifungua duka la vifaa vya ujenzi huko Niboye: saruji, misumari, mabati, rangi. Ni mwanamke mwenye sauti. Wapakiaji wanaoleta mzigo humsikia kabla hawajalizima lori. Mume wake, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, ni kinyume chake kabisa. Mtu mpole, anayeweza kumaliza mlo mzima kwa maneno mawili. Waliishi hivyo kwa amani mpaka asubuhi ile dada alipokuwa dukani na kopo la rangi likamponyoka. Aliinama kuliokota, mkono ukakataa. Aliinama tena. Mteja aliyekuwa mbele yake ndiye aliyeona kwamba na mdomo umekwenda upande.

Kilikuwa kiharusi. Walimuwahisha hospitali, na katika majuma yaliyofuata mdomo ulirudi mahali pake, sauti ikarudi na ukali wake wote, mguu ukaanza kufuata. Mkono wa kulia haukurudi. Ulilala pajani kama wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira mdogo wa kuminya na bakuli la maharage ayahamishe moja moja kutoka chombo hiki kwenda kingine. Dada aliminya mpira siku chache, akauweka chini ya mto wa kiti na kuukalia. Kuhusu maharage alisema kwamba anayachambua akitaka kupika, na kwamba hapiki.

Nilikuwa nikienda kumwona kila nikitoka kazini. Jumamosi moja, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, nilikwenda na kompyuta yangu, kwa sababu nilijua atalala baada ya kula na sikutaka kukaa bure. Alilala kweli. Nikafungua kampeni yangu ya vita. Nilikuwa katikati ya kupeleka jeshi kwenye njia ya milimani niliposikia sauti nyuma yangu ikiuliza hao watu nawapeleka wapi. Nilimwambia. Akauliza kwa nini nawapitisha bondeni wakati juu kuna njia. Nilimweleza kwamba juu kuna baridi na askari watakufa njiani. Alifikiri, akasema basi ningengoja baridi iishe.

Nilisogeza kiti chake mezani na kumwambia aongoze yeye. Alinyoosha mkono wa kushoto. Nikakichukua kipanya na kukihamishia upande wa kulia.

"Jeshi hili linaongozwa kwa mkono wa kulia," nilimwambia.

Alinitazama kwa jicho lile lile alilokuwa akinitazama nalo utotoni nikikataa kunawa miguu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya kipanya kidole baada ya kidole, akasema nimwonyeshe anapopaswa kubofya.

Siku ile hakufika popote. Alama kwenye skrini ilitangatanga kama nzi, na kila alipotaka kuwachagua wapiga mishale aliwachagua wapishi wa kambi. Jasho lilimtoka. Hata hivyo nilipotaka kuondoka alisema kompyuta ibaki. Nilikuwa na nyingine nyumbani, ya zamani zaidi, nikamwachia ile. Juma lililofuata nilikwenda Gisozi, kule kwenye karakana za mafundi seremala, nikaagiza meza fupi yenye ubao uliokatwa kwa ndani kama mwezi mchanga, ili aingie katikati na kiwiko chake kipate pa kulala. Fundi aliniuliza ni ya kazi gani. Nilimwambia ni ya kuongozea vita. Akaipiga msasa mara mbili.

Alipotakiwa kuchagua taifa lake, dada aliwapita Warumi bila kuwatazama, akawapita Wagiriki na Wamisri, akasimama kwa Wakushi. Alisema mto wao ni Nile na maji yake yanaanzia kwetu, kwa hiyo hao ni majirani. Pia aliona wanasifiwa kwa upinde. Nilimshauri aanze na taifa lenye nguvu zaidi. Akaniambia nimfundishe vitufe, taifa amekwisha kuchagua.

Alikuwa mwanafunzi mgumu na mzuri. Kosa lake la kwanza ni lile la kila anayeanza: aliamuru jeshi zima lisonge mara moja, wapanda farasi wakafika peke yao mbele ya adui huku wenye mikuki bado wako mbali, wakaisha. Alikasirikia farasi. Nikamweleza kwamba kila kikosi kina mwendo wake na kazi ya jemadari ni kuwafikisha pamoja. Hilo alilielewa upesi, maana maisha yake yote alikuwa akingojea mabati yafike siku moja na misumari. Baada ya hapo sikuona tena farasi wake wakitangulia.

Kuna jambo moja lililotokea mapema ambalo sitalisahau. Aliuteka mji wake wa kwanza, mji mdogo wenye kuta za udongo kando ya mto. Alifurahi. Kisha, kama kawaida ya mchezo ule, kikatokea kisanduku cha kumuuliza mshindi afanye nini: aukalie mji, aupore, au awaue wakazi. Dada alisoma kwa sauti, taratibu, na alipofika kwenye la tatu akakoma. Aliuondoa mkono kwenye kipanya. Shemeji alikuwa mlangoni. Sisi watatu tulikuwa tumerudi katika nchi hii mwaka ule ule wa mauaji, na tuliyoyakuta tuliyakuta.

"Wewe huwa unabofya lipi?" dada aliniuliza.

"La kwanza. Siku zote la kwanza."

"Liondoe hilo la mwisho."

Nilimwambia haliondoki, ndivyo mchezo ulivyotengenezwa. Hakubishana. Alimtuma shemeji alete gundi ya karatasi, ile ya rangi ya kaki wanayofungia maboksi dukani, akakata kipande kwa meno na kukibandika juu ya skrini mahali ambapo maneno yale hutokea. Kisha akabofya la kwanza, akawawekea wakazi wa mji ule ghala la nafaka. Hakuna aliyezungumzia tena jambo hilo, na kipande cha gundi hakikubanduliwa.

Mvua za masika zilipoisha alikuwa ameunganisha Nile yote ya juu. Mkono ulikuwa bado mzito, lakini vidole viwili vilikuwa vimeamka, na kiganja kiliweza kukisukuma kipanya bila kusaidiwa na kile cha kushoto. Ndipo aliponiambia amechoka kupigana na kompyuta, anataka kupigana na mimi.

Niliunganisha kompyuta zetu mbili, tukaketi pande mbili za sebule, kila mmoja akiwa na jeshi lake. Nilimshinda. Jumamosi iliyofuata nilimshinda tena. Nilikwisha kuona udhaifu wake: mkono wake ulikuwa polepole, kwa hiyo nilimshambulia sehemu tatu kwa wakati mmoja. Alipokuwa akiokoa ubavu wa kushoto, wa kulia ulikuwa unavunjika, na alipofika kulia, katikati palikuwa pamekwisha kupasuka. Nilijua ninachofanya. Jemadari anayeona pengo na asiingie si jemadari. Lakini dada hakuwa mtu wa kushindwa kimyakimya. Alipiga meza, alitukana mababu wa Warumi, kisha akakaa akiutazama uwanja wenye maiti zake mpaka nikafunga.

Jioni moja shemeji alinisindikiza mpaka getini. Kwa kawaida huniaga mlangoni, kwa hiyo nilijua ana neno. Alisimama akishika komeo la geti bila kulifungua.

"Shemeji, nakuomba kitu," alisema. "Mwachie hata moja."

Nilimwambia siwezi. Aliniambia kwamba Jumamosi iliyopita dada hakula chakula cha jioni. Aliniambia kwamba mgonjwa anahitaji kutiwa moyo, kwamba daktari mwenyewe alisema hivyo, kwamba huu ni mchezo tu na mimi sipungukiwi kitu. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Nilimjibu kwamba nikimwachia atajua, na siku atakayojua hataugusa tena mchezo, wala hatauamini tena mkono wake. Shemeji alisema ninaongea kama mtu ambaye halali naye nyumba moja na kumsikia akigeukageuka. Akafungua geti. Juma zima lililofuata aliniamkia kwa adabu zote na hakuniongezea neno.

Sitasema kwamba maneno yake hayakuniuma. Nikiwa kwenye basi la kurudi nilijiuliza kama ni yeye anayemjua dada zaidi, au ni mimi. Yeye alimjua kama mke, mgonjwa, mtu wa kufunikwa shuka. Mimi nilimjua kama mtu aliyenipangia kete upya kila nilipozimwaga. Nikaamua kwamba sote wawili tunamjua, ila katika jambo hili la kupigana namjua mimi. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na jeshi langu bora.

Aliyechagua uwanja ni yeye. Alichagua mto wenye vivuko viwili, kimoja kipana katikati na kingine chembamba upande wa juu, kwenye msitu. Yeye alikuwa ng'ambo, kwenye mteremko. Kabla pambano halijaanza, kila mmoja hupewa muda wa kupanga watu wake, na dada aliutumia wote. Mimi nilipanga upesi, nikaenda jikoni kunywa maji, nikarudi, bado alikuwa anasogeza vikosi kidogo kidogo, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo.

Tulipoanza nilifanya kama kawaida. Askari wazito niliwaingiza kwenye kivuko kipana. Wapanda farasi niliwatuma kwenye kile cha juu wamzunguke. Wapiga kombeo niliwapeleka ukingoni, upande wa chini, wamsumbue. Sehemu tatu. Nikangoja kuona mkono wake ukianza kukimbizana na amri.

Haukusogea. Nilimtazama juu ya skrini yangu. Alikuwa ameketi wima, kiganja juu ya kipanya, kimetulia kabisa. Nilipata hofu kwamba mkono umekufa ganzi tena, na nilikuwa karibu kumuuliza. Kisha nikatazama uwanja na nikaelewa. Hakuwa na haja ya kuamuru. Wapiga mishale wake alikuwa amewapanga mahali ambapo kila anayeingia kwenye kivuko kipana yuko ndani ya shabaha, nao walikuwa wakipiga wenyewe. Pale kivuko cha juu kinapotokea msituni alikuwa ameficha wenye mikuki katika safu nene, na kazi yao ilikuwa kusimama tu. Farasi wangu walitoka majini wakakuta mikuki imeelekezwa vifuani mwao. Wapiga kombeo wangu walikuwa wanarusha mawe kwenye kichaka kisicho na mtu. Alikuwa amepigana vita yote kabla haijaanza, ili mkono wake ubakiwe na kazi moja.

Kazi yenyewe niliiona nikiwa nimekwisha kuchelewa. Askari wangu wazito walikuwa majini mpaka kiunoni, pumzi zimewaisha, na jemadari wangu, yule wa ndani ya mchezo, nimemvusha nyuma yao ili awatie moyo. Dada akasogeza mkono. Akabofya, akapeleka alama polepole mpaka ukingoni, akabofya tena. Nyuma ya kilima wakatokea wapanda farasi wake wote, wale ambao zamani walikuwa wakitangulia na kufa, wakiwa na pumzi zao zote, wakashuka mteremko kwa pamoja moja kwa moja juu ya jemadari wangu. Nilibofya kila mahali. Niliwaita farasi wangu, hawakuwepo tena. Jemadari akaanguka, na jeshi lote likageuka na kukimbilia majini.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mke wake, taulo la vyombo begani.

"Umeniachia?" dada aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sijazoea kuisikia kwake.

"Ningekuachia ningekuwa na uso huu?"

Alinitazama vizuri. Naamini nilikuwa nimevimba. Sijapata kushindwa vibaya namna ile na mtu yeyote, na sipendi kushindwa. Nilifunga kompyuta kwa kishindo, nikatafuta mkoba wangu, nikasema nimechelewa, nikaondoka bila kugusa chai iliyokuwa imekwisha kumiminwa. Dada alinieleza baadaye kwamba kabla sijafika barabarani walikuwa wanacheka wote wawili, na kwamba shemeji, ambaye mpaka hapo alikuwa bado na shaka kidogo, aliketi chini kwa kucheka. Hasira yangu ndiyo iliyomthibitishia. Jumapili shemeji alinipigia simu mwenyewe, kitu ambacho hafanyi, akanikaribisha chakula cha mchana na kuniambia kwamba chai ya jana imebaki.

Sidai kwamba mchezo ndio uliomponya. Mtaalamu wa mazoezi alifanya kazi yake, dawa zilifanya kazi yake, na shemeji alimfunga vifungo vya nguo kila asubuhi bila kulalamika. Ninachosema ni kwamba mkono unahitaji kazi ili urudi, na kazi ya kuhamisha maharage dada yangu asingeifanya. Leo anashika kalamu, anafunga kufuli la duka, anamnyooshea mtu kidole akaelewa. Kopo kubwa la rangi bado halinyanyui, na anaye mtu wa kulinyanyua. Mtaalamu alipomuuliza amefanya mazoezi gani nyumbani, alimjibu kwamba amekuwa vitani.

Siku hizi hatupigani kila mara. Tumeanza kampeni moja kwa pamoja, mimi na Warumi wangu, yeye na Wakushi wake, tukiwa washirika dhidi ya falme zote za mashariki. Hunipigia simu saa ya chakula cha mchana, na wenzangu ofisini wamezoea kunisikia nikisema kwa utulivu kwamba wasivuke jangwa kabla ya mavuno, au kwamba yule mfalme si wa kuaminiwa, mke wake wa pili anatoka upande wa adui. Mgeni mmoja aliwahi kunipa pole kwa matatizo ya kifamilia.

Jumamosi iliyopita tulifika mbele ya mji mkuu wa Waajemi, majeshi yetu mawili yamepiga kambi bega kwa bega. Tulibishana kwa muda nani awe mkuu wa majeshi yote. Nilimweleza kwa upole kwamba nina uzoefu wa miaka mingi, kwamba nimekwisha kuteka mji ule mara kadhaa, kutoka kila upande, na kwamba najua lango lililo dhaifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kukubali kila nilichosema.

"Vizuri," alisema. "Basi utanionyesha hilo lango. Mkuu ni mimi, mimi ndiye mkubwa."

Nikamwonyesha lango.